Chuma Kilichomo Sahanini na Kile Kinachofika Kwenye Damu

Ugali, maharage, mchicha, na kikombe cha chai ya rangi pembeni: hiyo ndiyo sahani ya mchana kwa mama lishe wengi wa Dar es Salaam. Mwanamke aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua huiona kuwa dawa, kwa kuwa maharage na mboga za majani ndivyo alivyoshauriwa ale. Na kweli, madini ya chuma yamo. Lakini sehemu kubwa ya chuma hicho itapita tumboni na kutoka bila kumfaa, na chai ile ina mchango mkubwa katika hasara hiyo.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Theluthi mbili hivi zimo ndani ya himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake na kuchukua oksijeni kutoka mapafuni. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Ikichakaa, wengu na ini huivunja, kisha chuma chake hurudishwa kwenye uboho wa mifupa ili kutengenezea chembe mpya. Kwa njia hii mwili huzungusha miligramu 20 hadi 25 kila siku, na kutoka kwenye chakula unataka nyongeza ya miligramu 1 au 2 tu, kufidia kinachopotea kwa ngozi inayobanduka, seli za utumbo zinazokufa na, kwa wanawake, hedhi. Mjamzito huhitaji zaidi ya hapo, hasa mimba inapokua, kwa sababu ya mtoto, kondo na damu yake mwenyewe inayoongezeka.

Miligramu 2 zinaonekana kidogo, lakini kuzipata ni kazi. Chuma kilichomo kwenye nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri: kati ya asilimia 15 na 35 huingia mwilini. Cha mimea mara nyingi hakifiki asilimia 10. Maharage na nafaka zisizokobolewa vina fitati, ambazo hukishika chuma kikashindwa kupenya ukuta wa utumbo mwembamba. Hili lisimfanye mtu aache dona akimbilie sembe, kwani dona ina vitamini na nyuzinyuzi ambazo sembe imezipoteza mashineni. Fitati zina dawa yake jikoni. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake kabla ya kupika. Bibi zetu waliootesha ulezi wakapata kimea, wakachachusha uji wakapata togwa, walikuwa wanazivunja fitati hizo, na ninasikitika kuona togwa ikiachiwa soda nafasi yake mezani.

Chai nayo ina tanini, na tanini hufanya kama fitati. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1983 ulipima mlo wa hambaga: kikombe cha kahawa kilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 39, na cha chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikudhuru. Iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilidhuru sawasawa na iliyonywewa pamoja na chakula. Mwenye upungufu wa damu na aiweke chai yake mbali na mlo, saa 2 hivi baada ya kula, na mtoto mdogo asipewe chai kabisa.

Hapa ndipo kachumbari inapostahili heshima. Vitamini C iliyomo kwenye nyanya na ndimu hukigeuza chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo unaweza kuipokea, tena hukilinda kisinaswe na fitati. Ndimu ikamuliwe chakula kikishaiva, kwa sababu moto huiharibu vitamini hiyo. Chungwa, pera na embe hufanya kazi ileile. Dagaa kidogo ndani ya maharage nao husaidia: wana chuma chao, na nyama yao huvuta pia chuma cha maharage. Juisi ya bitiruti inayosifiwa sana kwa wekundu wake ina chuma kidogo tu. Rangi ile haihusiani na himoglobini.

Kuna jambo la pili ambalo sahani peke yake haiwezi kulimaliza. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na hiyo ndiyo bawabu wa chuma mwilini. Akiba ikitosha, hepsidini hupanda na mlango wa utumbo hufungwa. Hupanda pia mtu anapougua malaria, hivyo mgonjwa anaweza kula vizuri na chuma kisiingie. Na kumpa mtoto chuma penye malaria kunaweza hata kumdhuru. Tulilijua hilo kwa uchungu kisiwani Pemba, ambako watoto wa chini ya miaka mitatu walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006. Wengi zaidi kati yao walilazwa au kufariki kuliko wenzao wasiopewa, na ikabidi utoaji wa chuma usimamishwe. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu utumboni kila siku. Bila kuitibu, mtu anajaza ndoo iliyotoboka.

Kwa mjamzito, Shirika hilo linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, kwa sababu chakula pekee mara nyingi hakitoshi. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, na wengi huviacha kwa hofu ya hilo au kwa kichefuchefu. Weusi huo si damu, ni chuma kilichobaki. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku pamoja na chakula kidogo, kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai. Na pakiti iwekwe juu, mbali na watoto: vidonge vichache tu vya mama vinaweza kumpa mtoto sumu ya kumuua, na akivimeza apelekwe hospitali saa ileile hata kama anaonekana mzima.