Risasi, Aseniki na Eksirei: Upimaji wa Elementi Haba katika Hewa na Sampuli za Viumbe, Kakamega

Neno risasi, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili: kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki, na metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu ambayo tangu zamani ilitumiwa kukitengenezea kitu hicho. Msomaji wa kamusi hasumbuliwi na jambo hili. Lakini mchimbaji wa dhahabu wa Rosterman, pembezoni mwa mji wa Kakamega, akiambiwa na mhudumu wa afya kwamba katika damu yake mna risasi, huenda akashtuka kwa sababu isiyo sahihi, au asishtuke kabisa kwa kuwa hana jeraha. Tatizo hili la ishara moja kusimamia vitu viwili halimo katika lugha pekee. Limo pia katika chombo ambacho wanasayansi hukitumia kuitafuta risasi hiyo. Namna wanavyolitatua inafaa kueleweka na wanafunzi wa Kiswahili, kwa maana wao ndio watakaotakiwa kuyafasiri matokeo ya chombo hicho mbele ya wananchi.

Mbinu yenyewe huitwa fluoresensi ya eksirei. Istilahi fluoresensi ilibuniwa na Mwingereza mzaliwa wa Ayalandi, George Gabriel Stokes, mwaka wa 1852, akiitoa katika jina la madini ya fluoraiti, ambayo yakimulikwa kwa aina fulani ya mwanga hutoa mwanga wa rangi nyingine. (Ni madini yaleyale yaliyochimbwa kwa miongo kadhaa katika Bonde la Kerio. Ajabu ni kwamba elementi ya fluorini iliyomo ndani yake ni miongoni mwa zile ambazo vyombo vingi vya eksirei haviwezi kuziona.) Katika mbinu hii, kinachomulika ni eksirei, na kinachotolewa pia ni eksirei, ila zenye nishati ndogo zaidi.

Utendaji wake ni kama ifuatavyo. Atomu ina kiini na elektroni zilizojipanga katika matabaka kukizunguka. Eksirei kali ikiipiga atomu, huweza kuing'oa elektroni ya tabaka la ndani kabisa. Pengo linaloachwa halidumu: elektroni ya tabaka la nje huanguka kulijaza, na nishati inayobaki hutoka ikiwa eksirei mpya. Kwa kuwa umbali baina ya matabaka hutofautiana kutoka elementi moja hadi nyingine, nishati ya eksirei hiyo humtambulisha mwenyewe. Charles Barkla alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka wa 1917 kwa kugundua eksirei hizi bainifu. Aliyeonyesha kwamba zinafuata nambari ya atomu kwa utaratibu usioyumba ni Henry Moseley, mwaka wa 1913. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli akiwa na umri wa miaka 27.

Nishati hizo hupimwa kwa kiloelektronivolti. Chuma hujitokeza kwenye 6.40, shaba 8.05, zinki 8.64, dhahabu 9.71 na zebaki 9.99. Kitambuzi huzihesabu eksirei moja moja na kuzichora katika mchoro unaoitwa spektra, wenye vilele mfano wa safu ya milima. Mahali pa kilele hueleza ni elementi gani; kimo chake hueleza ni kiasi gani. Zinazotafutwa hasa ni elementi haba, yaani zile zisizozidi miligramu 100 katika kila kilo ya sampuli.

Kwa nini zitafutwe Kakamega? Dhahabu iligunduliwa huko mwaka wa 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji ili wachimbaji wa kizungu wapate nafasi katika ardhi iliyokuwa imeahidiwa Waafrika daima. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia mwaka wa 1935 hadi 1952. Kampuni iliondoka lakini dhahabu haikwisha. Wachimbaji wadogo wameendelea kuitafuta Rosterman kwenyewe na katika maeneo ya Ikolomani, wakishuka mashimoni kwa kamba, wakisaga mawe na kuosha unga wake kwa karai. Katika mawe hayo dhahabu haikai peke yake. Huambatana na madini yenye salfa, miongoni mwayo yakiwa yale yenye aseniki na yale yenye risasi. Jiwe likisagwa, vyote husagwa pamoja, na vumbi halichagui mapafu. Baada ya hapo huja zebaki, ambayo hushika chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge huchomwa motoni, mara nyingi karibu na nyumba, zebaki ikaruka kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Kenya iliuridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka wa 2023.

Hewa hupimwa kwa kuvutwa na pampu kupitia chujio jembamba. Pampu inayovuta lita 16.7 kwa dakika hupitisha mita 24 za ujazo kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba wastani wa risasi hewani kwa mwaka usizidi mikrogramu 0.5 katika kila mita ya ujazo. Kwa hivyo hewa iliyofika kikomo hicho huacha mikrogramu 12 za risasi juu ya chujio kwa siku. Zikitandazwa kwenye sentimita 12 za mraba, hupatikana mikrogramu moja kwa kila sentimita. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakihisiki kwa mizani ya kawaida, lakini chombo cha eksirei hukisoma pasipo shida. Zaidi ya hayo, chujio haliharibiwi. Huweza kuhifadhiwa katika bahasha na kupimwa tena baada ya miaka, kama mswada wa kale unavyoweza kusomwa upya na mhakiki mwingine.

Spektra ya chujio husimulia pia asili ya vumbi. Silikoni, titani na chuma huashiria udongo. Potasiamu ikizidi kuliko udongo unavyoweza kueleza, huashiria moshi wa kuni au wa mabua ya miwa. Zamani risasi ikiandamana na bromini ilikuwa alama ya moshi wa magari. Kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi, na alama hiyo ikafifia. Ila masizi yenyewe, ambayo ni kaboni, hayaonekani kwa mbinu hii: eksirei za elementi nyepesi ni dhaifu mno, humezwa na hewa kabla ya kukifikia kitambuzi. Jiko la kuni linaweza kumdhuru mpishi huku spektra ikionyesha machache tu.

Sampuli za viumbe huhitaji maandalizi zaidi. Mboga, samaki, nywele au kucha hukaushwa, husagwa hadi ziwe unga na kushindiliwa ziwe kidonge bapa. Kidonge hupimwa sambamba na unga wa marejeleo ambao viwango vyake vimekwisha kujulikana. Mmojawapo wa unga wa mwanzo wa namna hiyo ulitengenezwa katika miaka ya 1960 na mwanakemia Mwingereza H. J. M. Bowen kutokana na mboga ya jamii moja na sukuma wiki, ukasambazwa katika maabara za nchi nyingi. Nywele zina mtego wake. Vumbi la shimoni hung'ang'ania juu yake, na zisipooshwa vyema chombo kitatoa hesabu kubwa ya kitu ambacho kamwe hakikuingia mwilini.

Sasa turejee kwenye ishara moja yenye maana mbili. Kilele kikuu cha risasi kiko kwenye 10.55. Kilele kikuu cha aseniki kiko kwenye 10.54. Tofauti halisi ni kama elektronivolti 8, ilhali kitambuzi kizuri hutenganisha vilele vilivyoachana kwa takribani 150. Katika spektra, basi, sumu hizo mbili husimama mahali pamoja zikawa mlima mmoja. Jambo hili si la kupuuzwa. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Aseniki ikinywewa kwa miaka huleta vidonda vya ngozi na saratani. Chanzo chake huenda kikawa kisima, na cha risasi kikawa kitu kingine kabisa. Atakayekosea jina atafunga kisima kisicho na hatia.

Ufumbuzi ni kusoma muktadha. Kila elementi ina zaidi ya kilele kimoja. Risasi ina kilele cha pili kwenye 12.61, chenye kimo kinachokaribia kile cha kwanza. Aseniki ina cha pili kwenye 11.73, lakini hicho ni kifupi. Mchanganuzi huanza na 12.61, akakadiria risasi kwa kilele hicho, akapiga hesabu ya mchango wake kwenye 10.55 na kuuondoa. Kinachobaki ndicho cha aseniki. Risasi ikiwa nyingi na aseniki kidogo, salio hilo huwa la kubahatisha, na mtafiti mwaminifu hulisema hivyo. Mwaka wa 2011 yalichapishwa matokeo ya mbinu hii kutoka ukanda wa dhahabu wa Migori, yakihusu mawe, mashapo na maji ya machimbo. Mawe ya Kakamega ni ya jamii hiyohiyo, na swali la 10.5 huja nayo.

Zebaki ina ugumu wa aina nyingine. Sampuli ikikaushwa kwa joto kali, zebaki huruka kabla ya kupimwa. Tena, nywele za mtu asiyekula samaki kwa wingi kwa kawaida huwa na miligramu moja au mbili za zebaki katika kilo, na chombo cha kawaida huanza kuitambua inapofika miligramu kadhaa. Viko vyombo vya kisasa vinavyoelekeza eksirei kwa pembe ndogo mno juu ya kioo kilicholainishwa, navyo hushuka hadi viwango vya chini zaidi. Viko pia vya kushikwa mkononi, visivyozidi kilo mbili, vinavyoweza kupelekwa hadi mdomoni mwa shimo. Hivyo vya mkononi ni vyepesi kubeba, lakini havioni mbali.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa nzito. Maabara huandika kwamba zebaki haikutambuliwa, na aghalabu sentensi hiyo hugeuzwa kuwa "hakuna zebaki". Kauli hizi mbili si sawa: ya kwanza inahusu uwezo wa chombo, ya pili inahusu mwili wa mtu. Katika jedwali nafasi hiyo hujazwa kwa alama ya "chini ya" ikifuatwa na kikomo cha chombo, tuseme 5. Atakayeisoma katika baraza la chifu kule Ikolomani hana budi kuitamka kikamilifu: zebaki, kama imo katika nywele hizi, haifiki miligramu 5 katika kilo, na chombo hiki hakiwezi kuona chini ya hapo.