Vikono vya Baharini: Mifupa ya Nchi Kavu katika Kazi ya Majini

Nyangumi, pomboo, nguva na kasa ni wanyama wa koo mbalimbali, lakini wote wana kikono, yaani kiungo bapa kilichochongoka au kuviringana nchani kama kasia, ambacho kwa asili yake ni mguu wa mnyama wa nchi kavu. Kikono hutofautiana na pezi la samaki, kwa kuwa pezi la changu au jodari hushikiliwa na vijiti vyembamba vilivyotandazwa ngozi, ilhali ndani ya kikono mna mifupa inayolingana na ile ya mkono wa binadamu: mmoja wa juu, miwili ya kigasha, midogo kadhaa ya kifundo, kisha pingili za vidole. Mwaka 1859 Charles Darwin aliutaja ulinganifu huo wa mkono wa mtu, mguu wa farasi, bawa la popo na kikono cha mnyama wa jamii ya pomboo, akaueleza kuwa ni urithi kutoka kwa mhenga mmoja.

Wahenga wa nyangumi walikuwa wanyama wa miguu minne walioishi takriban miaka milioni 50 iliyopita katika maeneo ambayo leo ni Pakistan na India, na miongoni mwa wanyama walio hai, jamaa yao wa karibu zaidi ni kiboko. Visukuku vya Basilosaurus, nyangumi wa kale ambaye mabaki yake yamehifadhiwa katika bonde la Wadi Al-Hitan nchini Misri, vinaonyesha kikono ambacho kiwiko chake bado kiliweza kukunjika. Kwa nyangumi wa leo kiwiko na kifundo vimekakamaa, na kiungo kinachozunguka kwa uhuru ni bega peke yake. Aidha, baadhi ya vidole vyao vimeongezeka pingili hata kupita kumi, ilhali kidole cha binadamu hakizidi pingili tatu. Ongezeko hilo hukirefusha kikono bila kuhitaji mfupa wa aina mpya.

Ingawa mifupa inafanana, kazi hutofautiana. Nyangumi na pomboo husukumwa mbele na mkia unaopiga juu na chini, na vikono vyao huelekeza, husawazisha na kupunguza mwendo. Kasa hufanya kinyume, kwa kuwa nguvu yake hutoka katika vikono vya mbele vinavyopiga maji kama mabawa, na vile vya nyuma hutumika kama usukani. Hata hivyo, jike anapopanda ufukweni kutaga, kama inavyotokea kisiwani Mafia, vikono vya nyuma ndivyo vinavyochimba: kimoja hukunja ncha yake, huchota mchanga na kuuweka kando, kisha cha pili huingia shimoni kwa zamu, mpaka shimo liwe na kina cha kutosha mayai. Nguva naye hutumia vikono vyake vifupi kujiegemeza sakafuni mwa bahari anapokula nyasi za baharini.

Mfano unaostaajabisha zaidi ni wa nyangumi mwenye nundu, ambaye kila mwaka husafiri kutoka bahari ya Antaktika hadi maji ya Afrika Mashariki ili kuzaa. Vikono vyake hufikia urefu wa mita 5 hivi, takriban thuluthi ya mwili mzima, na ukingo wake wa mbele umejaa vinundu. Mwanabiolojia Frank Fish, alipokiona kinyago cha nyangumi huyo katika duka moja mjini Boston, alidhani mchongaji amekosea kuviweka vinundu upande wa mbele, kwa sababu mabawa ya ndege za abiria hutengenezwa yakiwa na ukingo laini. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya handaki la upepo, ambayo yalionyesha kwamba kielelezo chenye vinundu kiliweza kuinamishwa kwa pembe kubwa zaidi kwa takriban asilimia 40 kabla ya kupoteza nguvu ya kunyanyua. Vinundu hivyo huugawa mkondo na kuzalisha vizingia vidogo vinavyoufanya uendelee kushikamana na uso wa kikono, na ndiyo sababu mnyama mzito kiasi hicho huweza kujipinda ghafla anapowazunguka samaki. Wahandisi wamelijaribu wazo hilo katika mapangaboi ya feni na ya mitambo ya upepo.

Kwa hiyo kikono hufundisha mambo mawili kwa pamoja. Fizikia ya maji huamua umbo linalofaa, ndiyo maana koo zisizo na undugu wa karibu zimefikia maumbo yanayokaribiana. Lakini malighafi ya umbo hilo hutoka katika urithi wa mnyama mwenyewe, ndiyo maana hata nyangumi, ambaye hana tena haja ya kushika wala kukanyaga, bado amebeba vidole ndani ya ngozi yake. Anayetaka kukielewa kiungo hiki hana budi kuuliza kinafanya kazi gani na vilevile kimetoka wapi.