Theluji au Barafu? Ziara ya Ruwenzori kwa Mwalimu wa Kiswahili

Baadhi ya wanafunzi wa Nakivale wanasubiri kuhamishiwa Marekani au Kanada, nchi ambazo wakubwa kwa wadogo huteleza kwenye theluji kwa skii. Wengi wao huita kila kitu cha baridi "barafu", na kamusi peke yake haiwasaidii sana. Kwa bahati njema theluji haiko mbali. Ukitoka Mbarara kupitia Bushenyi na kuvuka daraja la Katunguru unafika Kasese, chini ya Milima ya Ruwenzori.

Ieleweke kwanza kwamba huku hakuna skii wala mashine ya kumpandisha mtu juu. Anayetaka hayo aende Afriski, Lesotho. Ruwenzori hupandwa kwa miguu, pamoja na waongozaji na wapagazi. Mzunguko wa kati, unaoanzia Nyakalengija, huchukua kama siku saba. Mpandaji hupita msituni, kisha kwenye mianzi, kisha kwenye miti iliyoning'inia kuvumwani kama ndevu za wazee. Hufuata kinamasi cha Bigo, ambapo viatu vya mpira ni bora kuliko buti la bei ghali, halafu lobelia zilizo ndefu kuliko mtu. Kibanda cha Elena kiko mita 4,541. Kutoka hapo ni kamba na viatu vyenye meno ya chuma hadi kilele cha Margherita, mita 5,109.

Hapo juu ndipo somo lilipo. Kinachoanguka usiku, chepesi na laini, ni theluji. Ikirundikana miaka mingi na kushindiliwa kwa uzito wake, hugeuka barafu ngumu inayoteleza polepole kufuata mteremko. Wengine huiita barafuto. Utando mweupe wa alfajiri juu ya majani ni sakitu. La kuchekesha ni kwamba neno "barafu" limetoka kwa Waajemi, ambao kwao "barf" ni theluji hasa! "Theluji" nayo ni ya Kiarabu. Kwa hiyo tusimcheke mwanafunzi anayeyachanganya.

Wakonzo wa milimani hawakuhitaji kuazima: theluji kwao ni "nzururu", na ndimo lilimotoka jina Rwenzururu. Hata hivyo kitu chenyewe kinatoweka. Mwaka 1906, Duki wa Abruzzi kutoka Italia alipofika vileleni, barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Mwalimu anayepanga kuwapeleka wanafunzi wake asiahirishe mno.

Miezi inayofaa zaidi ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ingawa mvua ya Ruwenzori haina adabu ya kungoja msimu. Wasioweza kupanda wanaweza kuitazama milima kutoka Kasese asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga.