Simba yaelekea dirisha dogo na kocha mpya: pengo la Msimbazi liko wapi hasa?

Klabu ya Simba ya Dar es Salaam iliufunga mwaka 2025 ikiwa chini ya kocha wa tatu katika muda wa miezi minne. Steve Barker, raia wa Afrika Kusini, alikabidhiwa timu mwezi wa Desemba baada ya kuondoka kwa Mbulgaria Dimitar Pantev, ambaye naye aliwasili mwanzoni mwa Oktoba kuziba nafasi ya Fadlu Davids aliyekwenda Raja Casablanca ya Morocco. Timu aliyoikuta Barker haikuwa na pointi hata moja baada ya michezo miwili ya kundi lake katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilifungwa 1-0 na Petro de Luanda ya Angola ikiwa nyumbani, kisha ikapoteza kwa 2-1 mbele ya Stade Malien nchini Mali.

Wapenzi wa soka hapa Rwanda wanaifuatilia Simba kwa karibu, na si kwa sababu ya ujirani pekee. Meddie Kagere, mshambuliaji wa Amavubi, aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa misimu miwili mfululizo akiwa na jezi nyekundu: mabao 23 msimu wa 2018/19 na mabao 22 msimu uliofuata. Haruna Niyonzima alivuka kutoka Yanga kwenda Msimbazi mwaka 2017, hatua iliyozua gumzo pande zote mbili za Kariakoo. Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, aliyeipa Rayon Sports ubingwa mwaka 2019, aliinoa Simba mwaka 2023 hadi alipotimuliwa siku mbili baada ya kichapo cha 5-1 kutoka kwa Yanga. Na Simba ilipozindua kikosi chake kipya katika tamasha la Simba Day mwezi Agosti 2024, mgeni mwalikwa alikuwa APR ya Kigali.

Swali linaloulizwa sasa vijiweni ni lilelile la kila mwaka: Simba imsajili nani? Wengi hutaka mshambuliaji. Wengine hutaka kiungo mchezeshaji wa kurithi nafasi ya Mzambia Clatous Chama, kana kwamba Chama aliondoka jana. Hata hivyo, ukiutazama mwenendo wa klabu hiyo tangu ilipotwaa ubingwa wake wa mwisho wa ligi mwaka 2021, unaona kuwa tatizo si uhaba wa usajili. Simba imesajili sana. Kinachokosekana ni wachezaji wanaokaa pamoja kwa muda wa kutosha hata wakazoeana.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye benchi la ufundi. Mfaransa Didier Gomes aliondoka Oktoba 2021, baada ya Simba kushinda 2-0 nchini Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy na kisha kufungwa 3-1 nyumbani na kutolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Baada yake wamepita Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu na Pantev. Barker ni wa saba, bila kuwahesabu walioshika timu kwa muda, akiwemo Juma Mgunda ambaye ameitwa kuzima moto zaidi ya mara moja. Kila kocha huja na mfumo wake, na nyuma ya mfumo huja orodha ya wachezaji anaowataka. Anapoondoka, orodha hubaki mikononi mwa mtu asiyeiandika.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Januari 2024. Katikati ya msimu, Simba iliachana na washambuliaji wake wawili, Mkongomani Jean Baleke na Mzambia Moses Phiri, ikawaleta Freddy Michael Koublan na Pa Omar Jobe. Nusu msimu baadaye hata hao hawakuwa tena kwenye mipango. Simba ilimaliza ligi ikiwa na pointi 69 sawa na Azam, ikazidiwa kwa tofauti ya mabao na kuikosa nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Baleke, baada ya kupitia Libya, alirejea Dar es Salaam na kutia saini Yanga. Chama naye alifuata njia hiyo hiyo majira yale yale.

Yanga nayo ilibadili makocha

Mtu anaweza kupinga kwamba Yanga pia haina subira na makocha, na atakuwa na hoja nzito. Msimu wa 2024/25 mabingwa hao waliuanza na Miguel Gamondi, wakaendelea na Sead Ramovic, wakaumaliza na Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja, na bado wakatwaa taji kwa mara ya nne mfululizo kwa pointi 82 dhidi ya 78 za Simba.

Tofauti iko uwanjani. Mlinda mlango Djigui Diarra, mabeki Dickson Job, Ibrahim Bacca na Bakari Mwamnyeto, pamoja na kiungo mkabaji Khalid Aucho, wote walikuwa wamefika Jangwani kabla ya katikati ya mwaka 2022. Kocha aliyeingia Novemba au Februari aliwakuta watu wanaojua nani anapanda, nani anabaki, na nani anafunika nyuma ya nani. Alikuwa na uwezo wa kubadili safu ya mbele bila kuhofia kwamba nyumba yote itaporomoka.

Simba ilielekea upande mwingine. Fadlu alipofika Julai 2024 alikuta klabu imeamua kusafisha karibu kila kitu. Waliondoka Chama, beki Henock Inonga, nahodha John Bocco, Mrundi Saido Ntibazonkiza na wengineo. Wakaingia Jean Charles Ahoua kutoka Côte d'Ivoire, Mganda Steven Mukwala, Mzambia Joshua Mutale, mlinda mlango Moussa Camara kutoka Guinea, Mkameruni Leonel Ateba na kundi la vijana Watanzania. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na kwa haki lazima isemwe kwamba ulizaa matunda kuliko ilivyotarajiwa. Ahoua alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yake ya kwanza ya bara hili tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993 iliyopotea mbele ya Stella ya Abidjan.

Fainali hiyo ya Mei 2025 dhidi ya RS Berkane inaeleza udhaifu wa kikosi hicho kuliko jedwali lolote la takwimu. Katika mchezo wa kwanza nchini Morocco, Simba ilikuwa nyuma kwa mabao mawili kabla dakika ya kumi na tano haijafika. Haikuzidiwa kwa dakika tisini. Ilizidiwa kwa robo saa ya mwanzo, wakati ambapo ukuta wenye mazoea ya usiku kama ule hupunguza kasi ya mchezo, hupiga mipira mbali na kusubiri wenyeji wapoe. Marudiano yalichezwa Zanzibar kwenye Uwanja wa Amaan, kwa kuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa haukupata idhini ya CAF. Mutale alifunga mapema na matumaini yakafufuka. Kisha kiungo Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu mwanzoni mwa kipindi cha pili, na Berkane wakasawazisha katika dakika za nyongeza. Mezani palikuwa na matokeo ya jumla ya 3-1.

Mwezi mmoja baadaye, katika mchezo wa mwisho wa ligi, Simba ilihitaji ushindi dhidi ya Yanga ili kutwaa ubingwa. Ilifungwa 2-0. Tangu kichapo kile cha Novemba 2023 hadi mwisho wa mwaka 2025, watani wa jadi walikutana mara sita katika mashindano yote, na mara zote sita Yanga ilishinda. Katika mechi nne za mwisho kati ya hizo Simba haikupata bao hata moja.

Kuta zinazobomolewa kila Julai

Baada ya msimu kama huo, timu iliyokosa taji kwa pointi nne ilihitaji marekebisho madogo. Badala yake yakaja mabadiliko makubwa tena. Beki wa kati Che Malone Fondoh alikwenda USM Alger. Nahodha Mohamed Hussein, Tshabalala, aliyecheza Msimbazi kwa miaka 11, alihamia Yanga. Kuondoka kwa Tshabalala kulizungumzwa zaidi kama suala la hisia, la nahodha kuvaa jezi ya mtani. Kiufundi lilikuwa jambo kubwa zaidi. Kwa zaidi ya muongo mmoja, kila winga wa kushoto aliyesajiliwa Simba alikuwa na uhakika wa mtu nyuma yake, na kila beki wa kati alijua nafasi ipi itaachwa wazi Tshabalala anapopanda. Maarifa ya namna hiyo hayauzwi sokoni.

Upande wa kulia Shomari Kapombe alikuwa bado yupo mwishoni mwa mwaka 2025, lakini akiwa na miaka 33. Siku atakayoondoka, Simba itakuwa imepoteza pembe zote mbili za ulinzi ndani ya muda mfupi, na maandalizi ya siku hiyo yalipaswa kuanza zamani.

Usajili wa Rushine De Reuck kutoka Mamelodi Sundowns ulikuwa wa busara: beki wa kati mzoefu wa michezo ya bara, anayejua kupanga wenzake. Kasoro ni kwamba aliletwa kwa mipango ya kocha kutoka nchi yake, na kocha huyo aliondoka Septemba, kati ya mchezo wa kwanza na wa marudiano dhidi ya Gaborone United. Hemed Suleiman, aliyekuwa kocha wa Taifa Stars wakati huo, aliazimwa ili timu ivuke tu. Ikavuka kwa sare ya 1-1. Siku chache baadaye Simba ikamchukua Pantev, kocha wa Gaborone United hiyo hiyo iliyoitoa.

Jambo hilo limejirudia. Barker ndiye aliyekuwa akiinoa Stellenbosch, timu ambayo Simba iliitoa katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Aprili 2025 kwa jumla ya bao 1-0. Haidhuru kumchukua kocha aliyekusumbua. Angalau umemwona kazini. Lakini kocha huonekana mzuri kwa sababu ya mazingira yake, na Stellenbosch haikumpa Barker alichonacho Simba: mashabiki wanaodai ushindi kila wiki na mtani wa umbali wa mitaa michache. Alikaa huko miaka mingi, akaipandisha hadi Ligi Kuu ya Afrika Kusini mwaka 2019 na kushinda kombe la Carling Knockout mwaka 2023. Ni mjenzi, mpwa wa Clive Barker aliyeiongoza Afrika Kusini kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1996. Swali ni iwapo klabu iliyomuajiri inataka mjenzi, au inataka mtu wa kuvuka Januari.

Mahitaji ya dirisha dogo

Hitaji la haraka kabisa lilikuwa langoni. Camara alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na mrithi wake wa muda hakuwa na uzoefu wa michezo mikubwa ya ugenini. Linafuata la beki wa kushoto. Kisha kiungo mkabaji wa kusaidiana na Msenegali Alassane Kanté na Kagoma, kwa maana kadi moja ya Zanzibar ilionyesha jinsi mizani ya timu inavyotegemea watu wachache.

Mshambuliaji nadhani anaweza kusubiri, ingawa mashabiki hawatapenda kusikia hivyo. Ni kweli kwamba bao moja katika michezo miwili ya kundi ni kidogo mno. Lakini Mukwala na Mghana Jonathan Sowah, aliyesajiliwa kutoka Singida Black Stars, si wafungaji wabovu. Tangu Agosti wamecheza chini ya makocha watatu kwa kumhesabu Hemed, kila mmoja akitaka mipira ifike eneo la hatari kwa njia yake. Kumleta mwingine ni kurudia hesabu ya Januari 2024.

Kanuni nazo zinabana. Ligi Kuu Bara inaruhusu klabu kusajili wachezaji wa kigeni 12, na Simba huijaza nafasi hiyo. Kwa hiyo kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege Januari humaanisha mgeni mwingine anafunga virago, mara nyingi akiwa na mkataba unaopaswa kulipwa. Mlinda mlango wa kigeni akiingia, yupo kiungo au winga atakayetoka, na Barker atalazimika kuamua ni nani kabla hajamwona akicheza zaidi ya mara mbili au tatu. Baadhi ya Watanzania wa kikosi hicho angewaona kwa kuchelewa zaidi, kwani walikuwa Morocco na Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika.

Ratiba haikumngoja. Mwishoni mwa Januari 2026 Simba ilipangwa kukutana na Espérance mara mbili mfululizo, kwanza mjini Tunis, kisha Dar es Salaam.