Maswali Manne Kwenye Chumba cha Dharura

Kijana wa miaka 17 anafika idara ya dharura mdomo umepasuka. Amepigana. Anashonwa, anapewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa madaktari wengi, kazi imekwisha.

Huko Flint, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili vijana wa miaka 14 hadi 24 waliokuwa wakitumia dawa za kulevya. Kati ya waliofika hospitali kwa kushambuliwa, takriban asilimia 37 walirudi na jeraha jingine la kushambuliwa. Kati ya waliofika kwa sababu nyingine, waliorudi na jeraha kama hilo walikuwa asilimia 22. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Kwa hiyo mdomo ule uliopasuka ni onyo, na daktari anayeushona bila kuuliza lolote anamwachia kijana hatari aliyokuja nayo.

Aulize nini? Kutokana na takwimu hizo za Flint, mwaka 2017 kilichapishwa kipimo cha maswali manne tu. Umepigana vibaya mara ngapi miezi ya karibuni? Rafiki zako wangapi hutembea na silaha? Mtaani kwenu milio ya risasi husikika mara ngapi? Umewahi kuelekezewa bunduki? Majibu hupewa alama, kuanzia 0 hadi 10, na kadiri zinavyopanda ndivyo uwezekano wa kijana kuhusika katika ukatili wa bunduki unavyoongezeka. Muuguzi anaweza kuyauliza huku akisubiri ganzi ishike.

Kuuliza pekee hakutoshi. Katika utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa 2010, vijana wa miaka 14 hadi 18 walizungumza na mshauri kwa takriban nusu saa wakiwa bado hospitalini: malengo yao maishani, na namna ya kujitoa kwenye ugomvi bila kudhalilika. Miezi mitatu baadaye, ukali wao kwa wenzao ulikuwa umepungua.

Tungejua mengi zaidi kama fedha zisingekauka. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka kifungu kilichoitia hofu taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, ikaacha karibu kabisa kugharamia utafiti wa bunduki. Fedha maalumu, dola milioni 25, zilirudi katika bajeti ya 2020. Mwaka huohuo risasi ziliua nchini humo zaidi ya watu 4,300 wa umri wa mwaka 1 hadi 19, zikaipita ajali za magari kama chanzo cha vifo.