Upungufu wa homoni ya kiume: Tafuta chanzo kabla ya dawa



Huku kwetu Ukonga, mume akihisi nguvu zimepungua hutafuta kimya kimya mkuyati, vumbi la Kongo au supu ya pweza. Mwingine humlaumu mkewe, au humtuhumu jirani kwa uchawi. Ndoa inaweza kuvunjika kwa jambo ambalo lingepimwa na kujulikana.

Homoni ya kiume, iitwayo testosteroni, hutengenezwa ndani ya korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa hiyo kasoro yaweza kuwa kwenye korodani zenyewe au kwa huyo mtoa amri. Dalili zake ni kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, uchovu wa kudumu, kupungua kwa misuli na ndevu, matiti kukua, na pengine kukosa mtoto.

Korodani huharibika kwa kuumia, kwa matubwitubwi yanayompata mtu aliyekwisha balehe, au kwa kutoshuka tangu utotoni. Wapo pia wanaozaliwa na kasoro za vinasaba. Korodani nayo huweza kujinyonga. Kijana akipata ghafla maumivu makali ya korodani, mwahini hospitali ndani ya saa 6, vinginevyo huenda ikafa.

Kwa upande wa amri kutoka kichwani, chanzo chaweza kuwa uvimbe kwenye tezi ile. Lakini wengi huathiriwa na mambo ya kawaida zaidi: kitambi, kisukari cha ukubwani, maradhi sugu ya figo au ini, na virusi vya UKIMWI. Aidha, zipo dawa zinazoshusha homoni hii, kama vile prednisoloni ikitumiwa muda mrefu, na dawa za maumivu za jamii ya mofini. Heroini na pombe, ambazo dini yetu imeziharamisha, nazo huishusha. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na tabibu wako.

Umri nao una sehemu yake. Kuanzia miaka ya 30 hadi 40, kiwango hupungua taratibu, takriban asilimia 1 kwa mwaka. Hilo peke yake si ugonjwa.

Tena tusichanganye mambo mawili. Mume anayeshindwa kusimamisha si lazima awe na upungufu wa homoni. Mara nyingi tatizo ni mishipa ya damu iliyodhuriwa na kisukari, presha au sigara, na huenda ikawa onyo la mapema la ugonjwa wa moyo. Anayeficha tatizo hili kwa unga wa barabarani anaficha pia onyo hilo.

Kipimo ni cha damu. Huchukuliwa asubuhi, kabla ya saa nne na kabla ya kula, kwa sababu homoni hii huwa juu wakati huo. Majibu yakiwa ya chini, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kutoa hukumu. Anzia zahanati au kituo cha afya kwa kupima sukari, presha na uzito. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda Amana au Muhimbili.

Tahadhari kubwa ni kwa wanaotaka watoto. Usichome sindano za testosteroni, wala zile za kujenga misuli, kwa ushauri wa rafiki. Homoni ikitoka nje, ubongo huona imetosha na kuacha kutoa amri. Korodani husinyaa, na mbegu hupungua au hukatika kabisa. Mume aliyekwenda kutafuta uzazi anaweza kurudi akiwa ameupoteza.

Kwa mwenye kitambi, kupunguza uzito, kutembea na kulala vya kutosha huweza kupandisha homoni bila dawa yoyote.

Nawe mama wa nyumbani, usimcheke mumeo wala usimtangaze. Mshauri mwende kupima pamoja. Kutafuta tiba hakuvunji heshima ya mwanamume.