Kitenzi Chenye Maana 645

Mwaka 2011 zilitoka habari kwamba kitenzi cha herufi tatu, "run", ndicho kinachoongoza kwa wingi wa maana katika lugha ya Kiingereza. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford English Dictionary, alikuwa amekaa nacho miezi tisa na kukichambua hadi akapata maana 645. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set". Katika toleo la pili la kamusi hiyo, lililochapishwa mwaka 1989 kwa juzuu 20, "set" peke yake ilipewa maana zaidi ya 430 na maelezo ya maneno yapatayo 60,000. Riwaya nyingi hazifiki hapo.

Mwanafunzi aliyefundishwa darasani kwamba "run" ni "kukimbia", akaishia hapo, ana haki ya kuuliza hizo 644 zilizobaki zimetoka wapi.

Kwanza azione zinavyofanya kazi. Kitenzi hicho kimoja hutumika kwa bomba lililoachwa wazi, kwa pua yenye mafua na kwa rangi ya nguo mpya iliyolowekwa kwenye beseni. Hutumika kwa basi linalofanya safari kila nusu saa, kwa mkataba wa miaka mitano, kwa tamthilia inayoonyeshwa ukumbini mwezi mzima, kwa gazeti linalotoa habari, kwa injini iliyowashwa gari likiwa halijatoka hata hatua moja. Meneja anaifanyia hoteli kitendo hicho hicho, mlanguzi anakifanyia bunduki, na mgonjwa anaifanyia homa. Kiswahili kingegawa kazi: maji yanatiririka, kamasi zinatoka, rangi inachuja, mkataba unadumu, injini inanguruma, meneja anaendesha, mlanguzi anavusha.

Kitenzi hicho kikishikana na neno dogo kama "down" mambo huzidi kuchanganya. "Run down" ni gari kumgonga mtu. Ni betri kuishiwa chaji. Ni kumponda mtu kwa maneno, ni kumsaka mtoro mpaka apatikane, ni kupitia orodha ya majina upesi upesi. Nyumba iliyochakaa rangi na bati nayo husemwa kwa maneno hayo hayo mawili.

Maana hazihesabiwi kwa kufumba macho na kuwaza. James Murray, aliyekabidhiwa uhariri wa kamusi ya Oxford mwaka 1879, alijenga banda la bati bustanini kwake, akalijaza visanduku vya kupangia karatasi. Wasomaji wa kujitolea walimletea kwa posta vipande vya karatasi kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa na sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabu fulani, pamoja na mwaka wake. Mhariri alikaa na rundo la neno moja, akatenga mafungu: hizi zinafanana, hizi zimeachana, hii haina mwenzake. Gilliver alifanya kazi hiyo hiyo, ila yeye alikuwa pia na hazina za maandishi ndani ya kompyuta.

Kuna majaribio ya kumsaidia mhariri anapositasita, na mojawapo linaweza kufanywa kwa Kiswahili. Chukua "piga". Sema: "Juma alipiga ngoma na gitaa." Sentensi inapita bila tatizo, kwa sababu ni kitendo cha aina moja kwa ala mbili. Sasa sema: "Juma alipiga simu na pasi." Msikilizaji atacheka, au atauliza kama simu hiyo ilikuwa na makunyanzi. Kicheko hicho ni ushahidi. Kinaonyesha kwamba "piga" ya simu na "piga" ya pasi zimeshakuwa maana mbili, wala haziwezi kufungwa kamba moja. Anayetaka kuendelea anazo kura, chafya, deki, hodi, picha na mswaki za kujaribia.

Jaribio hilo, hata hivyo, halikati kila fundo. Kuendesha hoteli na kuendesha nchi ni maana moja au mbili? Maji ya mto na maji ya bomba je? Hapo kila mhariri ana mkono wake. WordNet, hazina ya maneno iliyoanza kujengwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1985 chini ya mwanasaikolojia George Miller, inakipa kitenzi "run" maana zipatazo 40 tu. Lugha ni moja na neno ni moja, ila hesabu moja inaizidi nyingine zaidi ya mara 15. Kwa hiyo 645 isichukuliwe kama urefu wa mlima uliopimwa na wapima ardhi. Ni idadi ya mistari ambayo mtu makini aliona inafaa kuchorwa.

Bado swali linabaki: kwa nini neno hili, na si "jump" au "swim"? Majibu yako kadhaa, na lenye nguvu zaidi kwa msomaji wa Kiswahili liko katika sarufi.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vitenzi vilikuwa viwili. "Rinnan", ambacho mara nyingi kiliandikwa "irnan" au "iernan", kilikuwa kukimbia au kutiririka. "Ærnan" kilikuwa kukimbiza: kumfanya farasi atoke mbio. Tofauti ya maana ilibebwa na irabu. Waviking waliohamia Uingereza walikuja na jozi yao iliyofanana sana na hiyo, "rinna" na "renna", na katika kuchanganyikana kwa watu na lafudhi zao, mpaka kati ya vitenzi hivyo ukafutika. Umbo la "run" lenyewe, lenye irabu iliyotoka kwenye njeo ya wakati uliopita, lilienea kuanzia karne ya 16. Tangu hapo anayekimbia na anayekimbiza wamekuwa wakitumia kitenzi kimoja.

Kiswahili hakijapoteza chombo hicho. "Kimbia" huzaa "kimbiza", "kimbilia" na "kimbizana". "Enda" huzaa "endesha", "endea", "endelea" na "endeleza". Katika Mbio za Mwenge wa Uhuru nchini Tanzania, mwenge hukimbizwa, na anayeubeba ni mkimbiza mwenge. Hakuna atakayedhani mwenge umeota miguu. Mtunga kamusi ya Kiswahili huweka "endesha" mahali pake, akaipa maana zake za gari, biashara na kesi mahakamani, na "enda" ikabaki na mzigo mwepesi. Kiingereza kiliachana na viambishi na irabu zake za kusababisha, kikaurundika mzigo wote juu ya kitenzi kimoja. Sehemu ya sifa ya "run" basi ni sifa ya umaskini: maana nyingi kwa sababu maumbo ni machache.

Mabaki ya mfumo wa zamani yapo, na yanachekesha. "Fall" ni kuanguka. Kuuangusha mti ni "fell". "Sit" ni kukaa. Kukalisha ni "set". Naam, bingwa aliyetangulia, mwenye maana zaidi ya 430, kwa asili si chochote ila "kalisha" ya Kiingereza.

Jibu la pili ni kwamba tangu mwanzo kitenzi hiki hakikuwa cha miguu peke yake. Maji yalikuwemo. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, kina "rinnen" kwa kutiririka na "gerinnen" kwa kuganda kwa maziwa au damu, yaani majimaji kukimbiliana hadi yakashikana. Kiingereza kina "rennet", kimeng'enya kutoka tumbo la ndama ambacho hugandisha maziwa ya jibini, na neno hilo ni la ukoo huo huo. Kitu kinachosogea bila kusukumwa, kwa mwendo usiokatika: wazo hilo liliposhika, mlango ulikuwa wazi kwa saa ya ukutani, kwa kinu, kisha katika karne ya 19 kwa treni na ratiba zake. Miaka ya 1940 zilipokuja kompyuta, programu nazo zikaanza ku-"run". Simon Winchester, mwandishi Mwingereza aliyeandika habari za ushindi huo mwaka 2011, aliona kwamba zama za mashine ndizo zilizoipa "run" nguvu ya kuipita "set", neno la kutulia mahali pamoja.

Vizalia vyake navyo vina visa vyao. "Runner" ni mkimbiaji, lakini pia ni tarishi, zulia jembamba la kwenye ngazi, shina la stroberi linalotambaa chini na kutoa mizizi, na chuma kinachoteleza chini ya sleji ya theluji. "Runner-up", mshindi wa pili, alikuwa mbwa: katika mashindano ya kufukuza sungura, ni yule aliyeshinda raundi zote akashindwa ya mwisho. Na "running mate" alikuwa farasi, aliyeingizwa mbioni ili kumpangia kasi mwenzake wa zizi moja. Siasa za Marekani zikamchukua, akawa mgombea wa umakamu wa rais. Tanzania ilipohitaji jina la cheo hicho ilisema "mgombea mwenza", farasi akabaki nje. Jambo jingine katika siasa hizo: Mmarekani anayewania kiti hu-"run", Mwingereza anayewania kiti hu-"stand", yaani husimama. Wote wawili wanatafuta kura zile zile.

Wingi wa maana una hata kanuni yake ya hesabu. Mfaransa Michel Bréal alikuwa ameupa jina la polisemia mwaka 1897. Mwaka 1945 George Kingsley Zipf wa Harvard alionyesha kwamba idadi ya maana za neno hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mara linavyotumika: neno linalosikika mara 100 zaidi ya jingine huelekea kuwa na maana mara 10 zaidi. Maneno mafupi yanayotumika kila siku ndiyo hubeba zaidi. Mwaka 2012 Steven Piantadosi na wenzake walitetea hali hiyo kuwa ni akiba nzuri: maadamu muktadha unafafanua, ni rahisi kurudia neno fupi kuliko kubuni refu.

Ubongo unavumilia vipi? Mwaka 1979 David Swinney aliwasikilizisha watu sentensi zenye neno "bugs", ambalo ni wadudu na pia vinasa sauti vya kijasusi. Sentensi ilitaja buibui na mende, ili pasiwe na shaka ni wadudu. Papo hapo neno liliposikika, neno jingine lilionyeshwa kwenye skrini na mshiriki akatakiwa aamue kama ni neno halisi. Waliamua haraka kwa "sisimizi", na haraka vile vile kwa "jasusi". Jaribio lilipocheleweshwa kwa silabi chache tu, "jasusi" alikuwa ameshapoteza nafasi yake. Maana zote huamka, kisha zisizohitajika hulazwa, na mtu mwenyewe hajui kama kulikuwa na mjadala. Mwaka 2002 Jennifer Rodd na wenzake waliongeza jambo: maneno yenye maana zisizohusiana, kama vile "kaa" wa baharini na "kaa" la moto, huchelewesha utambuzi, ilhali maneno yenye maana nyingi za ukoo mmoja hutambuliwa upesi zaidi.

Kompyuta zilisumbuka muda mrefu. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel alitoa mfano wa sanduku lililomo ndani ya "pen". Neno hilo ni kalamu, na pia kizimba cha mtoto kuchezea. Binadamu hapotei, kwa kuwa anajua sanduku haliingii ndani ya kalamu. Mashine ingejulia wapi, alihoji, wakati kamusi haisemi? Mbinu zilizovuma mwaka 2013 zililipa kila neno orodha moja ya nambari, kwa hiyo "run" ya mto na ya hoteli zilisagwa pamoja. Mwaka 2018 zikaja programu kama BERT ya Google, ambazo hulipa neno nambari mpya kila linapotokea, kulingana na maneno yaliyolizunguka.

Ndani ya programu hizo hakuna orodha ya maana 645, wala ya 40. Mwaka uliofuata watafiti wa Google walichora ramani ya nambari ambazo BERT ililipa neno "die" katika sentensi nyingi. Matumizi yalijitenga mafungu yenyewe: kufa upande mmoja, dadu upande mwingine, na "die" ya Kijerumani, ambayo ni kibainishi cha nomino tu, upande wake. Katika fungu la vifo walikuta mpangilio ambao hawakuutarajia: sentensi za mtu mmoja aliyekufa zilikaa mwisho mmoja, na kadiri idadi ya waliokufa ilivyoongezeka ndivyo sentensi zilivyosogea kuelekea mwisho wa pili.